Kiwambo cha Spika na Amana ya Sauti

Sauti zote tunazoletewa na umeme, ziwe za msomaji wa taarifa ya habari redioni, za sabufa ya harusini, za hotuba uwanjani, au za wimbo ausikiao abiria peke yake kwa hedifoni, hupita mlango mmoja kabla ya kutufikia: kiwambo chepesi, cha karatasi au plastiki, cha kitambaa au madini, kiendacho mbele na kurudi nyuma na kuisukuma hewa iliyo mbele yake. Nyuma ya kiwambo hicho sauti ingali umeme tu, na umeme siku hizi hupimwa na kurekebishwa kwa uhakika mkubwa. Mbele yake sauti imekwisha kuwa hewa, na sikio halina hiari ila kuipokea jinsi ilivyo. Hapo kati ndipo yanapotokea makosa mengi kuliko karibu penginepo pote katika safari ya sauti, na hapo ndipo watengenezaji wanapogombea fahari, huyu akisifu beriliamu yake, yule almasi, na mwingine nyuzi za Kevlar. Madhumuni ya uchambuzi huu ni kuuliza kwa utulivu: umbo, ukubwa, uzito na dutu ya kiwambo vina athari gani katika sauti tuisikiayo, na katika sifa zinazotangazwa, ipi ni kweli na ipi ni pambo?

Njia nyoofu ya kuliingia suala hili ni kukitazama kwanza kiwambo cha ngoma, kwa kuwa viwambo hivi viwili vinafanana kwa sura na kuhitilafiana kabisa kwa wajibu. Fundi wa ngoma huiwamba ngozi ili iwe na sauti yake yenyewe. Huipasha moto au huianika juani ikaze na ilie apendavyo, na ngozi iliyofifia haina thamani kwake. Tabla, ambayo taarabu ya Mombasa imeipokea kutoka Bara Hindi, ina katikati ya ngozi yake duara jeusi lililopakwa na kukaushwa tabaka juu ya tabaka. Na mwaka 1920 mwanafizikia C. V. Raman alionyesha kwamba uzito ule mdogo ndio unaozipanga sauti za juu za ngozi hata zikapatana kimuziki, ilhali ngozi tupu hutoa sauti zisizopatana. Huo ni ustadi wa kukipa kiwambo tabia. Msanifu wa spika ametwikwa kazi iliyo kinyume: kiwambo chake hakina ruhusa ya kuwa na sauti yake, maana amekabidhiwa sauti ya mwingine, leo ya udi, kesho ya mtoto anayesoma, na kila anachoongeza au kupunguza ni kuihini amana.

Rai nitakayoitetea ni kwamba kiwambo kisicho na tabia hakijapatikana, wala maumbile hayaruhusu kipatikane, kwa sababu kila kitu chenye uzito na ukakamavu kina mtetemo wake wa asili. Basi usanifu wote wa kiwambo ni kuchagua mahali pa kuiweka dosari. Na kiwambo chema si lazima kiwe cha dutu ghali, bali ni kile ambacho dosari yake imepelekwa mahali ambapo sikio haliudhiki nayo, na ambacho sehemu nyingine zote za chombo zimesanifiwa zikijua udhaifu wake.

Pwani yetu ilikijua kiwambo cha kutolea sauti kabla ya kuizoea spika ya umeme. Santuri alizoimba Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, zilipopigwa katika gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, zilisikika kwa kiwambo kidogo kilichokaa mwishoni mwa mkono wa sindano: katika mashine za zamani kilikuwa bamba la ulanga, na katika zile za mwishoni mwa miaka ya 1920 kilianza kuwa bati jembamba la aluminiamu lenye mikunjo. Sindano ilikitikisa kiwambo, pembe ikaikuza sauti, na umeme haukuwa na sehemu yoyote katika jambo hilo. Wakati huo huo njia ya umeme ilikuwa imekwisha kuchongwa mbali na huku. Werner von Siemens wa Ujerumani alisajili mwaka 1874 wazo la koili inayotembea ndani ya sumaku. Oliver Lodge wa Uingereza akalisogeza mbele kwa hati yake ya mwaka 1898. Na mwaka 1915 Peter Jensen na Edwin Pridham, huko California, wakakiunga kiwambo cha koili na pembe kubwa, hata umati mzima ukaweza kusikia kwa pamoja.

Lakini waliofungua mlango hasa ni Chester Rice na Edward Kellogg, wahandisi wa General Electric ya Marekani, kwa makala waliyoitoa mwaka 1925 kuhusu spika isiyo na pembe. Walichukua koni ya karatasi, wakaitia koili shingoni, wakaining'iniza kwa ulegevu hata mtetemo wake wa asili ukashuka chini kabisa. Juu ya kiwango hicho, kinachoizuia koni kwenda si tena ukaze wa mahali iliposhikwa, bali uzito wake tu. Kitu kinachozuiwa na uzito peke yake, kikisukumwa kwa nguvu ile ile, mwendo wake hupungua kadiri mitetemo inavyoongezeka kwa sekunde. Na hewa, kwa bahati njema ya maumbile, hushikwa na koni barabara zaidi kadiri mitetemo inavyoongezeka. Upungufu huu na ongezeko lile hufidiana, na natija yake ni sauti iliyo sawa katika eneo pana. Mapatano hayo ya uzito na hewa ndiyo msingi wa takriban kila spika iliyotengenezwa tangu siku hizo, na anayeyaelewa amekwisha kuelewa nusu ya suala letu.

Nusu ya pili imo katika masharti ya mapatano yenyewe, ambayo ni mawili na yanavutana. Sharti la kwanza ni la sauti nene. Kiwambo kinachotoa sauti ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, kikitakiwa kitoe ya mitetemo 50 kwa kishindo kile kile, hakina budi kwenda mbali mara 400. Na kwa kuwa koili na sumaku zina mpaka wao, dawa pekee ni kuongeza eneo. Kipenyo kikizidishwa mara mbili, eneo huwa mara nne, na safari ya kiwambo hupungua kuwa robo. Ndiyo maana sabufa ni kubwa, na ndiyo maana redio ndogo ya mfukoni, ijaposifiwa vipi, haiwezi kutoa besi ya kweli mbali na sikio: hakuna ufundi wa kuikwepa hesabu hiyo.

Sharti la pili ni la sauti nyembamba, nalo ladai kinyume. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la mitetemo 100 lina urefu wa mita 3.4, na la mitetemo 10,000 lina sentimita 3.4 tu. Maadamu wimbi ni refu kuliko mzingo wa kiwambo, sauti hutawanyika pande zote. Wimbi likiwa fupi kuliko mzingo huo, sauti huanza kujikusanya mbele, na aliyeketi ubavuni huipata besi yote lakini hukosa makali ya s, f na sh, hata maneno yakawa mazito kufahamika. Koni yenye kipenyo cha sentimita 21 huufikia mpaka huo penye mitetemo 520 hivi. Kuba dogo la sentimita 2.5 haliufikii hadi mitetemo ipite 4,300. Hivyo kiwambo kimoja hakiwezi kuwa kikubwa cha kutosha kwa besi na kidogo cha kutosha kwa herufi, na kwa sababu hiyo kazi iligawanywa: koni kubwa kwa sauti nene, na twita yenye kuba dogo kwa sauti nyembamba. Mgawanyo huo uliondoa shida moja ukaleta nyingine, maana mahali pa makabidhiano kati ya koni na twita, aghalabu kati ya mitetemo 2,000 na 3,000, ni mahali ambapo sikio la binadamu ni kali mno. Spika nyingi zenye viwambo vyema huharibika hapo hapo, na mnunuzi akakilaumu kiwambo kisicho na kosa.

Mpaka sasa tumekichukulia kiwambo kuwa ni kitu kimoja kisichopinda, kinachokwenda mbele na nyuma kama kilivyo. Hivyo ndivyo kiendavyo katika sauti nene. Mitetemo ikizidi, msukumo wa koili unaoanzia shingoni hauufikii ukingo papo hapo. Husafiri ndani ya dutu ya koni kama wimbi, hufika ukingoni, na sehemu yake hurudi. Wimbi linalokwenda na linalorudi hukutana, na kwa mitetemo fulani mahususi koni hujigawa: mara kwa mapete, pete moja ikienda mbele na ya pili ikirudi nyuma, mara kwa vipande vya kuizunguka, kimoja kikitoka na jirani yake kikiingia. Sehemu zinazopingana zikifutana, sauti huzama, zikisaidiana, huchomoza. Basi palipokuwa na usawa panakuwa na vilima na mabonde, na kila kilima ni kiwambo kinachoanza kusema kwa ulimi wake, kama ngoma.

La kuudhi zaidi ni kwamba kilima cha namna hiyo hakikomi umeme unapokoma. Nguvu iliyohifadhiwa katika mtetemo wa koni huendelea kutoka baada ya sauti yenyewe kwisha, na kuyaparaza yanayofuata. Katika miaka ya 1940 D. E. L. Shorter, mhandisi wa idara ya utafiti ya BBC, alilichunguza jambo hili kwa kuikata sauti ghafula na kupima kinachosalia papo hapo na punde baadaye. Njia yake ilifichua dosari ambazo kipimo cha kawaida kilizipita, kwa sababu mtetemo dhaifu unaokawia unaweza usionekane katika mstari wa kipimo, lakini sikio likautambua kuwa ni sauti ya pua, au ya boksi, au ya bati. Kutoka hapo iliwekwa kanuni ambayo haijabatilika: usiulize tu kiwambo kinasema nini, uliza pia kinachukua muda gani kunyamaza.

Silaha ya kwanza ya msanifu dhidi ya mgawanyiko huo ni umbo, nalo halina gharama kubwa. Karatasi bapa hupinda kwa kupulizwa tu; karatasi ile ile ikikunjwa kuwa koni, husukumwa shingoni kwa nguvu isipinde, kwa kuwa sasa nguvu hupita katika urefu wa dutu wala si katika wembamba wake. Koni yenye kina kirefu ni kakamavu zaidi, ila sauti zinazotoka shingoni na kingoni hupishana kwa umbali. Koni iliyo bapa zaidi hupunguza kasoro hiyo na kudhoofika. Koni yenye ubavu ulionyooka huwa kakamavu hadi mgawanyiko uanze, kisha hugawanyika kwa ghafula. Yenye ubavu uliopinda kidogo kama tarumbeta hugawanyika polepole, na eneo linalofanya kazi hupungua taratibu kuelekea shingoni mitetemo inavyopanda, jambo ambalo kwa stadi ajuaye kulitumia ni neema, maana koni hujipunguza yenyewe kwa kadiri ya wimbi. Mikunjo ya duara iliyofinyangwa katika koni za zamani, na kifuniko cha vumbi kilichokaa katikati, navyo si mapambo: hubadili mahali na ukali wa vilima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Celestion ya Ipswich, Uingereza, ilianza kuuona mwendo wa viwambo kwa kipimo cha leza, na spika yake ya SL6, yenye twita ya kuba la shaba, ilisanifiwa kwa msaada wa uchunguzi huo. Tangu hapo umbo lilikoma kuwa jambo la kubahatisha.

Silaha ya pili ni dutu, na hapa ndipo penye maneno mengi. Kiwambo hudai mambo matatu kwa pamoja: wepesi, ukakamavu, na uwezo wa kuuzima mtetemo ndani yake chenyewe. Mawili ya kwanza hupatikana pamoja katika madini, la tatu hupatikana katika karatasi na plastiki, na yote matatu kwa ukamilifu hayapatikani katika dutu yoyote. Jambo hili laweza kuthibitishwa kwa ukucha tu. Chukua koni tupu ya aluminiamu iliyokwisha kufunguliwa, ishike kwa shingo, uigonge ubavuni: italia mlio mwembamba, safi, unaodumu. Fanya vivyo hivyo kwa koni ya karatasi: itatoa mlio mfupi, mkavu, na kunyamaza. Itazame karatasi hiyo dhidi ya mwanga, nawe utaona nyuzi zilizosokotana ovyo, nzito kidogo karibu na shingo na pungufu kingoni. Nyuzi hizo zikisuguana wakati wa kutikisika ndizo zinazougeuza mtetemo kuwa joto. Fujo ile ya nyuzi, ambayo jicho laidhania kuwa umaskini, ndiyo hikima ya karatasi.

Ila ya karatasi ni kwamba hakuna mbili zilizo sawa kabisa, nayo hunywa unyevu na kubadilika. Kwa shirika la utangazaji, linalotaka spika ya London na ya Manchester ziseme sauti moja, hilo halivumiliki. Kwa hiyo katika miaka ya 1960 wahandisi wa BBC walihamia Bextrene, plastiki iliyofinyangwa kwa mvuto wa hewa na kupakwa dawa ya kuzimisha mtetemo. Spika yao ndogo ya LS3/5A, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ilikuwa na koni ya namna hiyo, na hata leo wako wanaoitafuta kwa jinsi inavyoisema sauti ya mtu. Baadaye Dudley Harwood, aliyetoka katika utafiti huo huo, aliipigania polipropilini, ambayo huzimisha mtetemo yenyewe bila kupakwa kitu, na mwaka 1977 akaanzisha Harbeth juu ya msingi huo. Polipropilini ni nafuu, haijali unyevu, na imeenea duniani kote. Dosari yake ni ulaini, kwa hiyo hugawanyika mapema, ila hugawanyika kwa upole.

Madini yalichagua njia nyingine: kuusukuma mgawanyiko mbali badala ya kuupoza. Kipimo cha uwezo huo ni mwendo wa sauti ndani ya dutu yenyewe. Ndani ya aluminiamu ni mita 5,000 hivi kwa sekunde. Ndani ya titani ni karibu vile vile, kwa hiyo anayetangaza kuba la titani kuwa bora kwa hoja ya wepesi na ukakamavu anatangaza tafauti isiyokuwapo. Ndani ya beriliamu mwendo hukaribia 13,000, na ndani ya almasi hukaribia 18,000. Hizo ni tafauti za kweli, na Yamaha ilizitia kazini mwaka 1974 kwa makuba ya beriliamu ya spika yake ya NS-1000M. Kuba la aluminiamu lenye sentimita 2.5 huchelewesha mgawanyiko wake hadi mitetemo 25,000 au zaidi, ilhali sikio la kijana mzima huishia 20,000. Beriliamu na almasi huusogeza mbali zaidi. Hapa pana swali la insafu: ikiwa dosari imekwisha kuvuka mpaka wa kusikika, kuisogeza mbele tena kunamfaa nani? Kwa twita, faida hiyo ni ndogo kuliko bei yake.

Kwa koni kubwa ya madini hali ni nyingine. Kilima chake, kirefu na kikali, huangukia aghalabu kati ya mitetemo 4,000 na 8,000, ndani ya masikio yetu. Msanifu huikatia koni umeme mapema ili isifike huko, na wengi hudhani kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu koili na sumaku huzaa uchafu wao, khasa ule ulio mara tatu ya mtetemo unaopitishwa. Basi kilima kikiwa penye 6,000, sauti ya mitetemo 2,000 inayopita kwa halali kabisa huzaa tatu yake, nayo ikadakwa na kilima na kukuzwa. Dawa yake haimo katika koni, imo katika kuisafisha sumaku na koili. Na huo ni ushahidi ulio wazi kwamba kiwambo hakihukumiwi peke yake. Kevlar nayo iliingia katika spika za kampuni ya B&W katika miaka ya 1970, ikasifiwa kwa kuupoza mgawanyiko kwa mfumo wa nyuzi zake zilizofumwa, ikawa alama ya kampuni kwa muda wa karibu miaka 40; mwaka 2015 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuiacha katika spika zake kubwa na kuweka dutu nyingine. Hakuna aibu katika hilo. Ni ukumbusho kwamba dutu iliyotangazwa jana kuwa hatima ya elimu ni hatua tu ya safari.

Ukingo wa kiwambo, pete ile inayokiunga na fremu, husahauliwa na wengi, lakini ndio unaoamua kama wimbi lililofika mwisho litamezwa au litarudishwa. Pete ya mpira humeza vizuri nayo ni nzito. Ya kitambaa kilichopakwa dawa ni nyepesi na hudumu. Ya sponji ni nyepesi mno na humeza vyema, ila sponji ya poliyurethani huliwa na joto na unyevu, na katika hali ya hewa ya Pwani huja ikageuka unga unaonata vidoleni hali koni yenyewe ingali nzima. Fundi mzuri wa redio huing'oa, hugandisha pete mpya, kisha huisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili iliyokaa pande mbili, sikio lake likiwa karibu, akisikiliza kama koili inakwaruza; maana nafasi ya koili ndani ya sumaku haizidi sehemu ya milimita. Akiweka pete iliyo ngumu kuliko ile ya awali, spika itapona na kubadilika sauti: mtetemo wake wa asili utapanda, na besi yake itapungukiwa kina. Mwenye mali atasema spika imezeeka, kumbe imebadilishwa tabia.

Zipo spika ambazo dosari zake hutafutwa kwa makusudi. Koni ya karatasi ya inchi 12 iliyomo katika amplifaya ya gitaa huachwa igawanyike waziwazi na kunyamaza juu ya mitetemo 5,000 hivi, na mpiga gitaa wa muziki wa dansi huutegemea mgawanyiko huo kuwa sehemu ya ala yake. Huko kiwambo kimerudi kuwa ngoma, na ni halali, kwa kuwa kinaumba sauti, hakijakabidhiwa sauti. Vivyo hivyo pembe za minara ya misikiti na za magari ya matangazo zina kiwambo kidogo kinachoishika hewa kwa msaada wa pembe. Spika ya koni huugeuza umeme kuwa sauti kwa kiasi cha asilimia 1 hivi, na pembe hupita hapo mara nyingi. Besi hupotea, lakini maneno hufika mbali, nayo ndiyo kazi yake.

Katika hedifoni hesabu yote hugeuka. Spika husukuma hewa ya chumba kizima; hedifoni hukandamiza hewa iliyofungwa kati yake na ngoma ya sikio, na katika nafasi ndogo iliyofungwa shinikizo la hewa hufuata umbali kinaokwenda kiwambo. Sharti lile la mara 400 limekufa. Ndiyo maana kiwambo cha milimita 10 kilichotiwa tunduni mwa sikio chaweza kutoa mitetemo 20 kwa sekunde, kazi ambayo chumbani ingetaka sabufa. Lakini neema hii imefungamana na muhuri. Avaaye miwani na auinue kidogo ukingo wa hedifoni pale unapopita mkono wa miwani: ufa mwembamba watosha kuitoa besi, na sauti yote ikawa kavu. Kiwambo hakikubadilika hata kidogo. Watu wangapi wamezitupa hedifoni njema kwa sababu vizibo vyake havikuwa kadiri ya masikio yao!

Kiwambo cha hedifoni ya kawaida ni utando wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 40 hivi, uliofinyangwa kuba katikati na mikunjo pembeni, na koili imegandishwa penye mpaka wa sehemu hizo mbili. Utando ule ule ndio koni, ndio ukingo, ndio kining'inizo. Kwa hiyo sehemu ya pembeni, iliyotakiwa iwe laini ili itembee, ndiyo inayogawanyika kwanza, na kiwambo chote kinaweza kuyumba upande. Wasanifu wamelijibu jambo hilo kwa njia mbalimbali. Sennheiser, kwa HD 800 ya mwaka 2009, ilifanya kiwambo kiwe pete ya milimita 56, sehemu dhaifu ya katikati ikaondolewa. Focal ya Ufaransa, kwa Utopia ya mwaka 2016, ikatumia beriliamu iliyofinyangwa umbo la herufi M. Na kazi kubwa hufanywa nyuma ya kiwambo, katika matundu madogo yaliyofunikwa kwa kitambaa au karatasi, ambayo huizuia hewa kidogo na kuupoza mtetemo wa asili. Hata kuifungua nyuma ya hedifoni, kama Sennheiser ilivyofanya kwa HD 414 mwaka 1968, ni kuamua hewa ya nyuma ya kiwambo iende wapi.

Iko jamaa nyingine ya viwambo, isiyosukumwa mahali pamoja bali usoni pote. Peter Walker wa Quad, Uingereza, alitoa mwaka 1957 spika ambayo kiwambo chake ni utando mwembamba mno uliokaa kati ya mabamba mawili yenye matundu, ukavutwa na kusukumwa kwa nguvu ya umeme wa volti elfu kadhaa. Stax ya Japani ikaileta elimu hiyo katika hedifoni mwaka 1960. Utando huo una uzito unaokaribiana na wa hewa inayougusa, kwa hiyo hutii na kunyamaza upesi ajabu, na anayeusikia kwa mara ya kwanza huona kama kwamba pazia limeondolewa. Lakini hakuna kinachotolewa bure. Safari yake ni fupi, kwa hiyo sharti uwe mkubwa. Sauti ya mbele na ya nyuma hufutana katika besi. Ukubwa wake huikusanya sauti nyembamba mbele, hata mwaka 1981 Walker akaugawa kwa mapete yanayocheleweshwa moja baada ya jingine ili sauti ionekane kutoka nukta moja. Na vumbi na unyevu ni adui zake wakubwa. Yamaha mwaka 1976, na wengine baadaye, walipaka waya juu ya utando na kuuweka kati ya sumaku, wakapata usawa ule ule wa msukumo pasipo volti kubwa, kwa kulipa uzito. Na vyote hivyo ni ngozi zilizowambwa: mvuto uliozikaza umezirudishia milio ya ngoma, na msanifu hana budi kuizima kwa hewa na vitambaa.

Juu ya yote hayo hukaa sikio lenyewe. Tundu la sikio hukuza sauti zilizo karibu na mitetemo 3,000 kwa zaidi ya desibeli 10, na hedifoni iliyovaliwa huvuruga ukuzaji huo wa maumbile. Kwa hiyo hedifoni iliyopimwa ikawa sawa kabisa kama spika husikika butu. Kuanzia mwaka 2013 Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walichapisha tafiti za kupima ni mpangilio gani wa sauti wasikilizaji wengi huupendelea, na mpangilio huo umekuwa kiongozi kwa watengenezaji wengi. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni zaidi ya 200 za aina na bei mbalimbali, akaona kwamba bei haina uhusiano na jinsi sauti ilivyopangwa. Matokeo hayo hayamshangazi aliyefuata hoja yetu: mnunuzi hulipia dutu inayotajika, na sikio hupokea mpangilio usiotajika.

Basi hukumu ni hii. Kiwambo kiulizwe mambo manne: kinasema sawa kwa aliye mbele na aliye ubavuni? Kinanyamaza upesi kinapoamriwa? Hakibadiliki tabia sauti inapopandishwa? Dosari yake imewekwa wapi, na sehemu nyingine za chombo zinaijua? Mtihani ulio bora kuliko kishindo cha besi ni sauti ya binadamu asemaye, maana hakuna kitu ambacho sikio hukijua zaidi. Wahandisi wa BBC waliitumia sauti hiyo kuzipima spika zao, wakimlinganisha msemaji halisi na msemaji wa spika. Karatasi, dutu iliyo maskini kuliko zote tulizozitaja, imeupita mtihani huo kwa karibu miaka 100 na haijaondoka kazini. Jambo hilo lapasa kuwatia moyo vijana wetu wa vyuo vya ufundi. Kinachoitofautisha spika aminifu na spika hiana hakichimbwi katika machimbo ya nchi za mbali. Ni elimu ya mtetemo, maikrofoni ya kupimia, subira, na insafu ya kukubali kile kipimo kisemacho, na vitu hivyo vinaweza kupatikana Dar es Salaam na Mombasa sawasawa na London.